Uonevu Shuleni na Afya ya Akili ya Vijana Wahamiaji

Utangulizi

Kijana wa miaka 14 anafikishwa kliniki na mama yake kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja. Tumbo linamuuma kila asubuhi. Vipimo vya damu, mkojo na choo havionyeshi ugonjwa wowote. Familia yake ilitoka mashariki mwa Kongo, ikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa ina miezi minane katika mji mmoja wa Marekani. Daktari anauliza kwa Kiingereza na kijana anamtafsiria mama. Mama anajibu kwa Kiswahili na kijana anamtafsiria daktari. Daktari anapouliza kama kuna tatizo shuleni, kijana halifikishi swali hilo kwa mama yake. Anajibu mwenyewe kwamba hakuna. Hakuna aliyeuliza kuhusu siku za Jumamosi na Jumapili, ambazo tumbo haliumi kabisa.

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Kimeundwa kutokana na hali ambazo wahudumu wa afya wanaowapokea wahamiaji huzikuta mara kwa mara. Kinawagusa pia wasomaji walio Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2012, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliendesha mpango mkubwa wa kuwahamishia katika nchi ya tatu Wakongo waliokuwa ukimbizini Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wengi wao walipelekwa Marekani, na leo Kiswahili husikika katika shule za miji kama Lexington, Louisville, Phoenix na Houston. Ndugu waliobaki Kasulu, Kigoma au Dar es Salaam hupokea simu za wazazi hao na huombwa ushauri. Ushauri huo unaweza kumwokoa mtoto, na unaweza pia kumfunga mdomo.

Makala haya yanaeleza uonevu ni nini, kwa nini humwelemea zaidi kijana mhamiaji, unavyoathiri mwili na akili yake, na hatua ambazo mzazi, mwalimu na mhudumu wa afya wanapaswa kuchukua.

Uonevu ni nini

Utafiti wa kitaalamu kuhusu uonevu miongoni mwa wanafunzi ulianza katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, ukiongozwa na mwanasaikolojia Dan Olweus. Fasili iliyotokana na kazi yake ingali inatumika. Tendo huitwa uonevu likiwa na sifa tatu: limekusudiwa kuumiza, linarudiwarudiwa, na anayelitenda ana nguvu kuliko anayetendewa. Nguvu hiyo si lazima iwe ya misuli. Inaweza kuwa wingi wa marafiki, ufasaha wa lugha, au kuijua vizuri shule na kanuni zake.

Wasomaji waliokulia katika jamii zenye utani wana kipimo kizuri mkononi. Mtani humtania mwenzake akijua kwamba atajibiwa, na wote wawili huondoka wakicheka. Utani una haki ya kujibu. Palipo na uonevu haki hiyo haipo: mmoja anacheka, mwingine anatafuta mlango wa kutokea.

Uonevu huja kwa sura nne. Upo wa mwili, kama kupiga, kusukuma au kunyang’anya vitu. Upo wa maneno, kama matusi na majina ya kudhalilisha. Upo wa kutengwa, ambapo mwanafunzi hunyimwa nafasi mezani au katika mchezo, au husambaziwa uvumi. Na upo wa mitandaoni, ambao humfuata mtoto hadi kitandani. Sura ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwa mwalimu kuiona, kwa kuwa hakuna jeraha wala kelele.

Ukubwa wa tatizo

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takribani mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Ripoti hiyo ilibainisha pia kwamba katika Ulaya na Amerika Kaskazini watoto wahamiaji wamo katika hatari kubwa zaidi kuliko wenyeji. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalifikia hitimisho linalofanana: vijana wa kizazi cha kwanza cha wahamiaji hukumbana na uonevu zaidi kuliko wenzao waliozaliwa katika nchi hizo.

Takwimu hizi zinahusu umri ambao tayari ni dhaifu kwa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Karibu nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huanza kabla ya miaka 15 au karibu na umri huo. Kwa hiyo uonevu humfikia mhamiaji wakati ubongo, mwili na utambulisho wake vyote vinajengwa.

Kwa nini kijana mhamiaji

Sababu ya kwanza ni lugha. Katika shule nyingi za Marekani mwanafunzi mgeni hupangiwa darasa kwa kufuata umri wake. Kijana aliyesoma kambini kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa na kwa vipindi vyenye kukatikakatika, hujikuta darasa la tisa mbele ya vitabu vya Kiingereza. Huenda kambini alikuwa mwanafunzi hodari na msemaji wa wenzake. Hapa anaonekana mjinga kwa sababu tu maneno hayajamfikia. Kimya chake humfanya awe shabaha rahisi.

Sababu ya pili ni tofauti zinazoonekana: rangi ya ngozi, nywele, mavazi, hijabu, harufu ya chakula cha nyumbani, na lafudhi. Mara nyingi wazazi hushangaa wanapogundua kwamba baadhi ya wanaomwonea mtoto wao ni weusi kama yeye, waliozaliwa Marekani au waliofika miaka michache kabla yake. Hao nao wamekulia katika jamii inayoidharau Afrika, na kumcheka mgeni ni njia ya kujitenga na dharau hiyo. Mzazi asiyelijua hili anaweza kumwambia mtoto, “Hao si ndugu zako?” na mtoto akaona kwamba hakueleweka.

Sababu ya tatu ni kukosa shahidi. Uonevu hutokea zaidi pale ambapo jicho la mwalimu ni hafifu: ndani ya basi la shule, chooni, kwenye korido, na katika ukumbi wa chakula. Mwenyeji akionewa huwa na rafiki wa kumshuhudia na maneno ya kujieleza. Mgeni mara nyingi hana vyote viwili. Akifika mwisho wa uvumilivu na kurusha ngumi, mwalimu huiona ngumi hiyo tu. Mwanafunzi anayejua Kiingereza hutoa maelezo yake. Yule wa Nyarugusu husimamishwa shule.

Vita ya jana na shule ya leo

Kijana mkimbizi anapokuwa na huzuni, watu wazima huelekea kuilaumu vita. Ni kweli kwamba kiwewe cha vita, njaa na safari huacha alama. Hata hivyo, maelezo hayo yanaweza kuwapumzisha wengine wajibu wao, kwa sababu vita vilivyopita haviwezi kufutwa na mtu yeyote.

Mwaka 2008 Heidi Ellis na wenzake wa Boston walichapisha utafiti kuhusu vijana wakimbizi wa Kisomali wanaoishi Marekani. Waligundua kwamba mateso ya zamani yalihusiana na dalili za kiwewe, kama ilivyotarajiwa. Lakini ubaguzi ambao vijana hao waliuhisi katika maisha yao mapya nao ulihusiana na dalili za kiwewe na za sonona. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 na Maryam Kia-Keating pamoja na Ellis, uliangalia upande wa pili wa sarafu. Vijana wa Kisomali waliojiona kuwa ni sehemu ya shule yao walikuwa na dalili chache za sonona na imani kubwa zaidi katika uwezo wao, hata walipokuwa wamepitia mateso yaleyale.

Matokeo haya yana uzito mkubwa kwa tiba. Sehemu moja ya mzigo wa kijana iko nyuma yake, nayo hutibiwa polepole. Sehemu nyingine huongezwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Hiyo inaweza kusimamishwa wiki hii, ikiwa watu wazima wataijua.

Namna uonevu unavyodhuru

Mwili wa binadamu hujibu hatari kwa kuongeza homoni za dharura, zikiwamo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usagaji wa chakula hupungua. Hali hii ni msaada kwa aliyekutana na nyoka njiani, kwa kuwa huisha hatari inapoisha. Kwa mtoto anayejua kwamba kesho atapanda basi lilelile na watu walewale, hatari haiishi. Usingizi hukatika, umakini darasani hupungua, na maumivu ya tumbo na kichwa huwa ya kudumu. Maumivu hayo ni ya kweli. Mtoto hadanganyi ingawa vipimo ni safi.

Hata kutengwa bila kupigwa kuna athari yake. Mwaka 2003 watafiti wa California waliwapima watu ubongo wakati wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha wakaacha kurushiwa mpira huo. Sehemu ya ubongo inayohusika na adha ya maumivu ya mwili iliamka walipotengwa. Mtu anayesema kwamba kutengwa “kunauma” hatumii lugha ya picha peke yake.

Uonevu unaodumu huongeza hatari ya sonona, wahaka, kujidhuru na mawazo ya kujiua. Madhara hayaishii utotoni. Nchini Uingereza, watafiti waliwafuatilia watu 7,771 waliozaliwa mwaka 1958, ambao wazazi wao walikuwa wameulizwa kuhusu uonevu walipokuwa na miaka 7 na 11. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa bado na viwango vya juu zaidi vya sonona na wahaka walipokaribia umri wa miaka 50. Kauli ya “watoto hukua wakasahau” haina msingi wa kitabibu.

Mtoto anapokuwa mkalimani wa nyumba

Watoto hujifunza lugha mpya upesi kuliko wazazi wao. Baada ya miezi michache, kijana ndiye anayesoma barua ya umeme, anayezungumza na mwenye nyumba, na anayewajibu walimu. Anapata heshima ya mtu mzima, lakini anapoteza nafasi ya kuwa mtoto. Anajua kodi ni kiasi gani. Anajua baba anafanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama na mama analia anapozungumza na ndugu waliobaki. Amesikia mara nyingi kwamba safari yote ilifanywa kwa ajili ya masomo yake. Kijana wa namna hii akionewa, huona kwamba kusema ni kuwavunja moyo watu waliokwisha kuvunjika vya kutosha. Ananyamaza kwa mapenzi.

Ukalimani wake pia humpa uwezo wa kuficha. Taarifa ya shule hupita mkononi mwake kabla ya kufika kwa mzazi, kama swali la daktari lilivyopita katika kisa kilichotangulia. Ndiyo maana kanuni moja inapaswa kushikwa bila kulegezwa: mtoto asiwe mkalimani katika mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe.

Mkalimani mzuri anahitajika hata kwa neno dogo. Mama akisema “mtoto ana mawazo,” Mswahili yeyote huelewa kwamba kuna dhiki moyoni. Likitafsiriwa neno kwa neno, daktari husikia kwamba mtoto anafikiri, jambo ambalo si dalili ya ugonjwa wowote. Vivyo hivyo kijana anaweza asilitumie kabisa neno uonevu. Atasema “wananisumbua,” “wananichokoza” au “wananicheka,” naye msikilizaji akadhani ni michezo ya watoto.

Dalili za kuangaliwa

Mzazi na mwalimu wachukue tahadhari wanapoona mambo haya, hasa yakidumu zaidi ya wiki mbili:

1. Maumivu ya tumbo au kichwa yanayokuja siku za shule na kutoweka siku za mapumziko.
2. Kukataa basi la shule, kuchelewa kwa makusudi, au kubadilisha njia.
3. Kurudi na njaa kali kwa sababu ya kukwepa ukumbi wa chakula, au kujizuia haja siku nzima kwa kuogopa choo cha shule.
4. Vitu kupotea, nguo kuchanika, michubuko isiyo na maelezo.
5. Kukosa usingizi, jinamizi, au kukojoa kitandani kwa aliyekwisha kuacha.
6. Hasira za ghafla nyumbani, hasa kwa wadogo zake.
7. Kukataa kuzungumza Kiswahili hadharani, kuona haya kuonekana na wazazi, au kutumia vipodozi vya kuchubua ngozi.
8. Kuacha alichokipenda, kama mpira, kwaya au madrasa.
9. Maneno ya kukata tamaa: “Mimi ni mzigo,” “Bora nisingekuja,” “Nimechoka na maisha.”

Hatua za mzazi

Swali la moja kwa moja, “Unaonewa?”, hujibiwa haraka kwa “hapana.” Maswali madogo hufungua zaidi: “Leo ulikaa na nani wakati wa chakula?” “Ndani ya basi unakaa wapi?” “Nani anakuchekesha shuleni?” Ni vema yaulizwe wakati wa kazi ya pamoja, kama kuosha vyombo au kutembea, ambapo macho hayatazamani.

Mtoto akisema, mzazi asikilize hadi mwisho, kisha amweleze mambo matatu: kwamba anaamini maneno yake, kwamba kosa si lake, na kwamba watu wazima watalishughulikia. Kuna majibu mawili ya kuepukwa. Jibu la “vumilia, sisi tulipitia makubwa zaidi” humwambia mtoto kwamba maumivu yake hayana nafasi. Jibu la “na wewe wapige” humpeleka kwenye adhabu ambayo hataweza kujitetea nayo. Wala asinyang’anywe simu kwa sababu ametukanwa mitandaoni, maana safari nyingine hatasema. Jumbe hizo zihifadhiwe kama ushahidi.

Baada ya hapo mzazi aandike tarehe, mahali, kilichotokea na waliokuwapo, kisha aombe kikao na shule kwa maandishi. Nchini Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kufumbia macho unyanyasaji unaotokana na rangi au asili ya mwanafunzi, na inazitaka ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mkalimani huyo halipiwi na mzazi. Kumwomba si usumbufu, na wala hakuhatarishi makazi ya familia.

Hatua za shule

Uonevu ni tabia ya kundi zima. Humhusu anayetenda, anayetendewa na wengi wanaotazama. Kampeni ya kwanza ya kitaifa ilifanyika Norway mwaka 1983, baada ya vifo vya wavulana watatu vilivyohusishwa na uonevu. Katika shule za Bergen zilizotathminiwa na Olweus, taarifa za uonevu zilipungua kwa takribani nusu. Mapitio mapana yaliyochapishwa mwaka 2019 yaligundua kwamba, kwa wastani, programu za namna hii hupunguza kuonewa kwa asilimia 15 hadi 16. Hayo ni mafanikio ya kiasi, lakini ni ya kweli.

Kwa mwanafunzi mgeni, yafuatayo husaidia: mwenzake mmoja aliyepangwa kumsindikiza kwa wiki za mwanzo, mtu mzima mmoja anayemjua kwa jina na kulitamka jina hilo sawasawa, usimamizi wa kutosha katika basi na ukumbi wa chakula, na nafasi ya kuonyesha anachokiweza kabla lugha haijakamilika, kama hisabati, mpira au uimbaji. Kila ugomvi unaomhusu mgeni uchunguzwe kwa mkalimani kabla ya adhabu kutolewa.

Hatua za mhudumu wa afya

Kijana mwenye maumivu yasiyo na chanzo aulizwe kuhusu shule, usingizi na marafiki, akiwa peke yake kwa sehemu ya mazungumzo na kwa mkalimani aliyefunzwa. Kanuni za afya za Marekani haziruhusu mtoto kutumika kama mkalimani wa kitabibu isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine. Mkalimani wa simu mara nyingine hufaa kuliko wa ana kwa ana, kwani katika jamii ndogo kijana huogopa siri yake kufika kanisani au msikitini kabla yake.

Sonona na wahaka vinatibika. Tiba ya mazungumzo ndiyo hatua ya kwanza kwa wengi. Wenye hali nzito huweza kuhitaji pia dawa chini ya uangalizi wa karibu. Hata hivyo, kumtibu kijana na kumrudisha kila asubuhi kwa wanaomwonea ni kukausha sakafu huku bomba likivuja. Kwa idhini ya familia, kliniki na shule ziwasiliane.

Hali ya dharura

Kijana akitaja kifo, akigawa vitu vyake vya thamani, au akionekana na alama za kujikata, asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandi wazo jipya kichwani. Humpa nafuu ya kusema. Dawa zote na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali. Nchini Marekani namba 988 hupokea simu za dharura za afya ya akili saa 24, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani. Maisha yakiwa hatarini papo hapo, namba ni 911.

Hitimisho

Turudi kwa kijana wa miaka 14. Katika ziara ya nne, kliniki inampigia mkalimani simu. Kijana anaombwa apumzike na kazi ya kutafsiri, na mama anaulizwa swali ambalo halikuwahi kumfikia. Anajibu kwamba tangu miezi miwili iliyopita mwanawe hutembea kwa miguu kwenda shule, wala hajui kwa nini ameliacha basi. Uchunguzi wa tumbo lake unaanzia hapo.

Ndugu aliye Kasulu anayepigiwa simu usiku na kuulizwa afanyeje mtoto asiyetaka shule, asianze na neno vumilia. Aulize kwanza: “Ndani ya basi anakaa na nani?”